Kunoa Mdomo wa Shoka la Kupandia Maporomoko Yaliyoganda

Karibuni, watazamaji. Leo tunanoa mdomo wa shoka la barafu, yaani kile chuma chembamba chenye meno kinachoingia barafuni mtu anapopanda poromoko lililoganda wima, akiwa na shoka moja kila mkono. Katika korongo la Ouray, jimboni Colorado, barafu ikiwa nyembamba mdomo hugonga mwamba, ncha ikawa butu, na ncha butu huipasua barafu badala ya kuzama ndani yake.

Fungueni skrubu, toeni mdomo, ubaneni kwenye jiliwa. Tumieni tupa bapa ya mkono, kamwe si mashine ya kunolea, kwa sababu joto lake huondoa ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani, na chuma kilicholainika hupinda.

Sukumeni tupa kuelekea mbele tu, mkiinyanyua kila mnapoirudisha, na mfuate mteremko uleule wa awali. Subirini, kivuli cha mkono wangu kimefunika mahali penyewe, nasogeza taa. Sasa jino la kwanza linaonekana vizuri. Tafadhalini, pembe ya ndani iliyo nyuma ya jino hili ibaki na mviringo wake. Ukingo wa tupa ukiacha mchoro mkali hapo, ufa utaanzia hapohapo siku mtakapolikaza shoka kwa kulipinda ubavuni. Narudia: mviringo ule usiguswe, na kila mnapopiga tupa karibu nao, simameni mtazame.

Mpindo wa mdomo nao uachwe ulivyo. Mwaka 1966 mpanda milima Mmarekani Yvon Chouinard alikiomba kiwanda cha Charlet, Ufaransa, kimtengenezee shoka lenye mdomo uliopinda, kwani mdomo unaofuata mzunguko wa mkono hushika barafu bila kuchomoka. Mwaka 1975 yeye na Mike Covington walipanda njia ya barafu ya Diamond Couloir, Mlima Kenya.

Mwishoni ondoeni vinyuzi vya chuma vilivyobaki pembeni kwa kupitisha tupa kidogo sana. Mimi hupendelea kuacha ncha nene kiasi, kwa kuwa ncha nyembamba mno huingia kwa urahisi lakini huvunjika upesi ikigonga jiwe. Jino la kwanza likiisha kabisa, nunueni mdomo mpya. La sivyo, rudisheni mdomo, kazeni skrubu, na mvalishe ncha kifuniko kabla ya kulitia shoka mkobani.