Mada ya Utafiti wa Kimaelezo: Anza na Mtu Atakayekujibu

Ndugu wanafunzi, tuanze na kichwa ambacho kila msimamizi wa tasnifu hapa Tanzania amekutana nacho kwa sura moja au nyingine: “Athari za Kuwahamisha Machinga katika Kipato cha Familia, Dar es Salaam.” Jambo lenyewe ni zito na linafaa kutafitiwa, ila si kwa mahojiano 15. Anayedai kuonyesha athari anahitaji ulinganisho: kipato cha kabla na cha baada, waliohamishwa na wasiohamishwa, sampuli kubwa na hesabu. Ukiandika kwamba kipato “kilishuka sana”, mtahini atakuuliza umekipimaje, na hapo utakwama. Vichwa vya “mchango wa”, “kiwango cha” na “uhusiano kati ya” vina mtego uleule.

Mbinu ya kimaelezo, yaani ya kuhoji na kutazama badala ya kupima kwa hesabu, hujibu namna: watu huamuaje, hulielewaje jambo, hulikabilije. Basi tuigeuze mada yetu. Mwaka 2021 machinga wa Dar es Salaam waliondolewa kando ya barabara na kuelekezwa kwenye maeneo waliyotengewa. Wapo waliobaki huko, wapo waliorudi barabarani. Kwa nini mtu mwenye kizimba cha biashara sokoni atandaze tena turubai chini? Swali sasa linaweza kuwa hili: wauza mitumba wa Kariakoo wenye vizimba huamuaje lini wauzie ndani na lini watoke barabarani? Hapo kuna mtu anayejulikana, mahali panapofikika, na tendo unaloweza kulishuhudia kwa macho, si kusimuliwa tu.

Angalieni pia wakati. Ukimuuliza machinga kuhusu siku ile ya kuhamishwa, atakupa masimulizi aliyokwisha kuyarudia mara nyingi hadi yakanyooka. Muulize jana alipanga bidhaa wapi, saa ngapi, na aliondoka kwa nini. Hapo ndipo maelezo yenye mashiko yanapotoka.

Sasa, nani atakupeleka kwake? Kwa kawaida barua ya chuo hupita mkoani, wilayani, kwenye kata hadi kwa mtendaji wa mtaa. Mtendaji huyo, kwa ukarimu kabisa, atakuitia watu watano “wanaojua kujieleza”. Watano hao mara nyingi ni viongozi wa soko, na watakupa msimamo wa soko. Wengine watakudhania ofisa wa manispaa, hasa ukitoa fomu ya kusaini. Kama jibu la kweli linaweza kumponza mhojiwa, mathalani kwamba huwapa mgambo chochote, omba mapema kibali cha kutumia ridhaa ya mdomo, yaani mhojiwa akubali kwa kusema bila kusaini, au punguza swali. Mada isiyo na njia ya kuwafikia watu bila mwenyeji kusimama pembeni ni mada ya kuachwa, hata iwe tamu namna gani.

Kuhusu idadi, utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2006, uliotumia mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, ulionyesha kuwa dhana nyingi zilikwisha kujitokeza kufikia mahojiano ya 12. Msiigeuze 12 kuwa sheria: wale walifanana kiasi na waliulizwa maswali yaleyale. Ukichanganya wauza nguo, mama lishe na bodaboda, umeanzisha tafiti tatu. Na pigeni hesabu ya kazi. Mahojiano 15 ya saa moja moja, kila saa ya sauti ikiandikwa neno kwa neno kwa saa tano, ni saa 75 kabla hujaanza kuchambua. Mhojiwa akiongea kilugha, ongeza muda wa tafsiri.

Neno kuhusu pengo la utafiti. “Hakuna aliyetafiti wilaya yangu” si pengo. Wilaya ni nyingi. Pengo ni pale maelezo yaliyopo yanaposhindwa kueleza unachokiona, kama yanayosema machinga hurudi barabarani kwa kukosa nafasi, ilhali huyu anayo.

Kwa kipindi kijacho kila mmoja alete ukurasa mmoja: swali moja, watakaohojiwa ni nani, nani atakufikisha kwao, na maswali manane ya mwongozo. Kabla ya kuja, yajaribuni kwa watu wawili. Wakijibu “ndiyo”, “hapana”, au “serikali itusaidie” kwa kila swali, msibadili watu. Badilini maswali, na ikishindikana tena, mada.