Fomeka kwenye Kaunta ya Jiko: Uimara Wake Uko Wapi

Ndugu mafundi, wanafunzi wa useremala, nanyi wenye nyumba mliofika kusikiliza, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie kaunta za jikoni zilizofunikwa kwa laminati, ambayo wengi wetu huiita fomeka hata ikiwa imetoka kiwanda kingine. Nina hoja moja ya kuitetea: uso wa fomeka ni mgumu kuliko watu wanavyoudhania, na kaunta inapoharibika, mara nyingi ubovu huwa umeanzia kwenye kingo au chini ya uso huo, mahali ambapo macho ya mnunuzi hayafiki.

Sifa zake zinatokana na namna inavyotengenezwa. Karatasi kadhaa za kaki hulowekwa katika rezini ya fenoli, yaani utomvu wa kiwandani unaoganda kama gundi, na kupangwa moja juu ya nyingine. Juu yake huwekwa karatasi moja yenye rangi au mchoro, iliyolowekwa katika rezini ya melamini, na mara nyingi huongezwa nyingine nyembamba ambayo baada ya kuiva haionekani, kazi yake ikiwa ni kuulinda mchoro usikwanguke. Rundo lote hushindiliwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 120 za Selsiasi na kwa kani kubwa sana, mpaka rezini igande na kuwa kitu kimoja kisichoyeyuka tena hata kikipashwa moto. Kinachotoka ni shiti ngumu yenye unene wa karibu milimita moja.

Haikubuniwa kwa ajili ya jiko. Daniel O'Conor na Herbert Faber, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya vifaa vya umeme ya Westinghouse huko Pittsburgh, Marekani, waliianza mwaka 1912 wakitafuta kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kitakachochukua nafasi ya ulanga (mica), madini yaleyale yaliyowahi kuchimbwa katika milima yetu ya Uluguru. Mwaka uliofuata wakaanzisha kampuni yao ya Formica mjini Cincinnati. Melamini iliingia mwishoni mwa miaka ya 1930, na hapo ndipo rangi nyepesi na uso usiodhurika upesi kwa joto vilipowezekana. Mwenye shaka juu ya uimara huo na asome habari za nyumba ya Ralph Wilson, mwanzilishi wa kampuni ya Wilsonart, iliyojengwa Temple, Texas, mwaka 1959: aliitumia laminati kwenye kaunta na makabati, hata kwenye kuta za bafu, akiifanya nyumba aliyoishi kuwa mahali pa kuijaribu bidhaa yake, na nyumba hiyo imehifadhiwa hadi leo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Shiti ya milimita moja haiwezi kusimama peke yake. Hubandikwa juu ya plaiwudi, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) au chipubodi, na hapa ndipo fedha za mwenye nyumba hupotea. Chipubodi ya kawaida ni chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na ikinywa maji huvimba wala hairudi ilivyokuwa. Maji hayapenyi kupitia uso wa fomeka. Hupenya kwenye tundu la sinki, ambalo fundi amelikata kwa msumeno na kuliacha wazi kwa kuwa sinki litalifunika. Hupenya nyuma ya bomba, na kwenye kiungo cha shiti mbili kilichowekwa, kwa uzembe, karibu na mahali pa kuoshea vyombo. Kwa hiyo tundu lolote likishakatwa, kingo zake zipakwe vanishi au gundi isiyopitisha maji, mara mbili, kisha sinki likalishwe juu ya silikoni. Kazi hiyo ni ya muda mfupi, na sioni sababu ya kumlipa fundi asiyeifanya. Vilevile upande wa chini wa ubao ufunikwe, kwa sababu ubao uliofungwa upande mmoja tu hupinda hewa yenye unyevu inapoingia upande wa pili, na wakazi wa Tanga au Mombasa wanaujua unyevu huo.

Tena, bodi za melamini zinazouzwa zikiwa tayari zimefunikwa kiwandani si kitu kilekile. Juu yake kuna karatasi moja tu ya mchoro iliyobanwa moja kwa moja kwenye chipubodi, bila zile tabaka za kaki. Zinafaa kwa milango ya makabati na rafu, si kwa kaunta inayopigwa na vyungu kila siku. Ombeni kuiona kingo ya shiti kabla ya kununua: fomeka halisi huonyesha mstari wa kahawia au mweusi.

Kuhusu moto, maji yanayochemka hayaidhuru, lakini karai la mafuta ya maandazi, ambayo huweza kupita nyuzi 180, likitoka jikoni na kuwekwa juu yake huweza kulegeza gundi na kuacha lengelenge. Jiko la mkaa lisikae juu yake kabisa. Kisu nacho kina kibao chake, na manjano ya bizari yafutwe mapema kabla hayajazama.

Kwa upande wa mapambo, kwa kuwa mchoro huchapwa kwenye karatasi, unaweza kupata sura ya mninga, ya marumaru au rangi tupu kwa gharama isiyotofautiana sana. Mimi hupendelea rangi ya kati isiyong'aa, kwa kuwa nyeusi inayong'aa huonyesha kila mkwaruzo, na mkwaruzo wa fomeka haupigwi msasa ukaisha kama wa ubao. Shiti iliyochakaa huweza kubanduliwa na nyingine ikabandikwa, mradi ubao wa chini ungali mzima. Ukishavimba, ondoeni vyote viwili, maana shiti mpya itafuata tu umbo la uvimbe ule.