Kipindi cha wiki: Mjomba bado yuko garini

NEKESA: Karibuni. Leo tunaongea laptopu kuukuu na vidio zinazokwama. Nimeandika mambo manne: kodeki, ile namna ya kubana na kufungua vidio, kivinjari, feni na... Otieno, unacheka nini?

OTIENO: Mjomba! Jumamosi kwetu Kondele watu wamejaa, chai imeshamiminwa, wanataka kuona harusi ya binamu. Nafungua vidio. Sauti inaenda vizuri, picha imeganda. Mchungaji ameshaomba, vigelegele vinapigwa, mjomba mguu mmoja nje, mmoja garini.

NEKESA: Upi uko nje?

OTIENO: Wa kulia. Kiatu kinameta! Shangazi akauliza, "Kwani huyu analipiwa kukaa humo?"

NEKESA: Wasikilizaji, mnaijua hiyo laptopu. Ya 2012, haina kitufe cha A. Vidio ilirekodiwa na simu gani?

OTIENO: Ya shemeji, mpya. Niliangalia taarifa za kodeki ndani ya VLC, ile programu ya kuchezea vidio: HEVC, 1080p, fremu 60 kwa sekunde.

NEKESA: Basi. HEVC ni kodeki iliyotoka 2013. Chipu ya picha kwenye mashine yako inajua H.264, kodeki ya 2003. Ikikutana na HEVC inanyoosha mikono, mzigo wote unaangukia prosesa. Sauti ni kazi ndogo, kwa hiyo inatangulia.

OTIENO: Prosesa ilikuwa asilimia 100. Feni inanguruma kama kinu cha posho, wazee wakadhani ni gari la mjomba linawashwa.

NEKESA: Aondoke kabla hajashuka?

OTIENO: Arudi na zawadi!

NEKESA: Hebu, omera, turudi kwenye kazi. Igeuze kwa HandBrake, programu ya kubadilisha vidio, iwe H.264, 720p, fremu 30. Iache usiku kucha. Kioo chako ni 1366 kwa 768, pikseli milioni 1 na ushee. 1080p ina milioni 2. Hapo unachosha mashine kwa picha ambayo kioo hakiwezi kuionyesha yote.

OTIENO: Sikubali.

NEKESA: Hesabu hukubali?

OTIENO: Hesabu nakubali, nakala nyepesi ndiyo sitaki. Ukishaitengeneza, hiyo ndiyo itakayozunguka kwenye simu za ukoo wote. Ile halisi itabaki kwenye fleshi, fleshi ipotee. Miaka kumi baadaye mtoto anaiona harusi ya wazazi wake kwa ukungu.

NEKESA: Si uweke halisi mahali pawili!

OTIENO: Nani kwetu anaweka kitu mahali pawili?

NEKESA: Sasa bibi yako aketi na picha iliyoganda kwa sababu ya mtoto ambaye hajazaliwa?

OTIENO: Bibi atangoja nipate mashine nyingine.

NEKESA: Bibi ana miaka mingapi, Otieno?

OTIENO: Hilo usilete.

NEKESA: Nimelileta.

OTIENO: ...Na 720p wanaiita HD. Hata hilo mimi huwa sielewi.

NEKESA: Ni HD. Na usibadilishe mada.

OTIENO: Tumeonyeshwa mkono huko nje, dakika mbili.

NEKESA: Na kivinjari je? Nilitaka kuwaambia wa YouTube wateremshe ubora kwanza kabla ya kulaumu bando. Na vumbi la feni hatujaligusa kabisa!

OTIENO: Wiki ijayo?

NEKESA: Wiki ijayo kuna mgeni wa ufugaji wa samaki. Nitumie hiyo faili, nitaigeuza mwenyewe.

OTIENO: Situmi.

NEKESA: Nitamwomba shemeji yako. Kwaherini.