Kura, mapinduzi na kipande cha babu

MWANAIDI: Assalaam aleykum, habari za jioni wasikilizaji wetu popote mlipo, mpo na mimi Mwanaidi na mwenzangu Mhina, tunarekodi hapa hapa Ngamiani, Tanga, Barabara ya 12, dirisha tumeliacha wazi maana joto la leo si la kawaida, kwahiyo mkisikia bodaboda mtuvumilie.

MHINA: Na muuza kahawa atapita muda si mrefu.

MWANAIDI: Atapita. Leo hatuna mgeni. Wiki iliyopita tukiwa tushazima maiki Mhina alisema kitu, nikamwambia hicho usiniambie mimi peke yangu, njoo ukiseme hapa. Haya sema.

MHINA: Nilisema mwaka huu wa uchaguzi mkuu, 2025, sipigi kura. Na kitambulisho ninacho, kiko kwenye pochi hii hapa, nimeamua tu. Unajua 2015 ndo ilikuwa mara yangu ya kwanza, niliamka saa kumi usiku nikaenda kupanga foleni, nimerudi na kidole kina wino nikakipiga picha nikakiweka stetasi, nilikuwa na furaha ile ya kweli kabisa dada. 2020 nikaenda tena ila nilienda kama mtu anayekwenda msiba wa mtu asiyemjua. Afu Novemba mwaka jana serikali za mitaa, chama kimoja kimebeba karibu asilimia 99 ya mitaa na vijiji nchi nzima. Tisini na tisa! Hata wajukuu wa babu mmoja ukiwauliza wali au ugali hawafiki tisini na tisa.

MWANAIDI: Hapo sikubishii.

MHINA: Sasa nije kwa mzee wangu. Baba ana machungwa kule Muheza, miti kama mia mbili hivi. Tangu mi niko darasa la tatu kila kampeni anakuja mtu anasimama juu ya gari anasema kiwanda cha juisi kinakuja. Kila kampeni. Na machungwa yakishaiva anakuja dalali, bei anayo mfukoni tayari, anaitaja mara moja, na baba anakubali kwasababu chungwa halisubiri, likikaa mtini sana linaanguka linaoza na hela ya ada imeondoka. Mzee amepiga kura zote tangu vyama vingi virudi, 1995 mpaka leo hajakosa hata moja, na bei bado anapangiwa na mtu aliyekuja na pikipiki. Ndo maana nasema nchi hii haibadiliki kwa karatasi, mpaka watu waamke wapindue meza. Mapinduzi. Na si ya wanajeshi, namaanisha wananchi wenyewe.

MWANAIDI: Ngoja hapo hapo kwenye neno, maana Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu vingi. Jeshi likivamia redio ya taifa alfajiri tunasema mapinduzi. Watu laki wakijaa barabarani mpaka rais akimbie, mapinduzi. Yale ya Januari 12, 1964 ng'ambo hapo Zanzibar, Mapinduzi. Na chama kinachotawala tangu Februari 5, 1977, TANU ya bara na ASP ya Zanzibar walipoungana, jina lake ni hilo hilo, Chama Cha Mapinduzi. Kwahiyo kijana akiniambia anataka mapinduzi inabidi nimuulize yapi ndugu yangu, maana yamo ambayo tunaishi ndani yake tayari.

MHINA: Ya wananchi dada, nishakwambia.

MWANAIDI: Sawa. Mi bibi yangu mzaa mama ni wa Pemba, alivuka kuja Tanga baada ya yale ya 64 na jahazi, mama akiwa wa kubebwa. Bibi hakuwa sultani wala mtu wa ikulu, alikuwa anauza maandazi. Nilipokuwa mdogo nikimuuliza ananyamaza anaendelea kupepeta mchele. Siku moja tu ndo alisema, walikuja usiku, na waliokuja tulikuwa tunawajua. Akarudi kwenye mchele wake. Kwahiyo mtu akilitamka neno hili kwa wepesi mi nasikia ungo ule unapepeta, sijui nikueleze vipi.

MHINA: Pole sana dada. Kweli pole. Lakini niseme na upande wa pili maana nao upo. Babu wa rafiki yangu mmoja wa Unguja alikuwa anaishi kwenye ardhi ya mwenye shamba, mkarafuu si wake, mnazi si wake, baada ya yale ya 64 akapewa eka tatu. Watoto wake wakaingia shule bure. Yule mzee hakusubiri uchaguzi wa nne wala wa tano. Na kabla ya hapo uchaguzi ulifanyika mara kadhaa, mpaka 1963 ASP walipata kura nyingi kuliko wenzao Zanzibar nzima na bado wakaambulia viti vichache. Sasa mtu kama huyo ungemwambia nini, aendelee kupanga foleni?

MWANAIDI: (kimya kidogo) Singemwambia hivo. Hapo umenishika.

MHINA: Basi.

MWANAIDI: Sio basi. Nakubali kwamba ipo siku mlango unafungwa mpaka watu wanauvunja, hilo hata Pangani hapo wanalijua, Abushiri alipowapinga Wajerumani 1888 hakuwa amekosa adabu, nchi ilikuwa inauzwa mbele ya macho yake. Walimnyonga Desemba 1889 pale pale Pangani. Ninachouliza mimi ni kesho yake. Mlango umevunjwa, nani anaingia kwanza? Mi naona anaingia yule aliyekuwa amejipanga. Na kama waliojipanga ni wanajeshi peke yao basi wataingia wao, hata kama mlango mmeuvunja nyinyi.

MHINA: Unataka kwenda Sudan.

MWANAIDI: Ndio nakwenda Sudan, maana nimeifuatilia mpaka nikakosa usingizi. Desemba 2018 pale Atbara, mji wa reli, mkate ulipanda bei, watu wakatoka. Wakaendelea miezi na miezi, wanawake mbele, mpaka Aprili 2019 Rais Bashir akaondoka baada ya miaka thelathini. Yaani watu walikaa mbele ya makao makuu ya jeshi wanapika, wanaimba, wanasoma mashairi. Oktoba 2021 jeshi likachukua tena. Aprili 2023 majenerali wawili wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe na nchi ikawaka, mamilioni ya watu hawana makwao mpaka leo. Lakini sikiliza hii Mhina, hii ndo nataka watu waibebe. Wale vijana walikuwa na kamati za mitaa, kila mtaa na kamati yake. Vita ilipokuja, serikali haipo, mashirika yamekimbia, ni mtandao ule ule wa mtaani ndo ukaanza kupika chakula cha watu, kutafuta dawa, kuwatoa watu kwenye mapigano. Mapinduzi yamenyang'anywa lakini ile kamati ya mtaa haikunyang'anyika.

MHINA: Hiyo ya kupika nilikuwa siijui. Ila tuje hapa jirani, vijana wa Kenya Juni mwaka jana. Hawakuwa na chama, hawakuwa na kiongozi, ni simu na bando tu, na Juni 25 wakaingia bungeni, kesho yake rais akasema muswada wa fedha hasaini. Siku moja dada! Baba yangu kasubiri kiwanda miaka ishirini.

MWANAIDI: Na waliokufa?

MHINA: Wamekufa watoto wa watu, najua, sisemi kirahisi.

MWANAIDI: Najua husemi kirahisi. Wameuondoa muswada, na hilo ni kubwa, mimi siku ile nililia. Baraza la mawaziri likavunjwa Julai. Halafu mwezi haujaisha baadhi ya waliokuwa upinzani wakaitwa mezani wakapewa uwaziri. Vijana hawakuwa na mtu wa kumtuma kwenye ile meza na pia hawakuwa na namna ya kuzuia mtu mwingine asikae kwa jina lao. Ndo pale pale ninaposema.

MHINA: Haya lakini tuseme ukweli, hapa kwetu kujipanga kwenyewe kunawezekana? Maana unasema jipange jipange. Mi nilikuwa shuleni wakati wa Katiba mpya, tume ya Warioba ilizunguka kukusanya maoni, watu wakasimama wakasema, wazee wa Muheza walisema yao pale. Oktoba 2014 Bunge Maalum likapitisha kitu ambacho wengi hawakukitambua, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015, na hiyo Aprili ndo tunaisubiri mpaka leo. Watu walijipanga pale. Wakachoka.

MWANAIDI: Walihojiwa. Kuhojiwa na kujipanga naona ni vitu viwili. Nikwambie habari ya babu, huyu mzaa baba. Alitoka Kigoma miaka ya 40 kuja kukata mkonge huku Tanga, manamba. Wakati huo kulikuwa na SILABU, shirika la wenye mashamba la kutafuta watu wa kazi, wanakuchukua huko kwenu unakuja kwa mkataba. Na kulikuwa na kipande, ile kadi ya siku thelathini, umalize kazi yako ya siku nyapara anakutilia alama, hujamaliza hakutilii, na mshahara mpaka kipande kijae. Babu anasema mkonge ulikuwa na miiba kwenye ncha na nyapara alikuwa na miiba mwili mzima.

MHINA: (anacheka) Mzee huyo.

MWANAIDI: Sasa wale watu, hawajui kusoma wengi wao, wametoka makabila ishirini, wanalala kambini, walijenga chama cha wafanyakazi. Senti kwa senti. Miaka ya mwisho ya 50 mkonge ulikuwa migomo mitupu, korona, zile mashine za kuchakata mkonge, zinasimama kimya, singa hazitoki. Babu alikuwa anasema siku ya kwanza korona iliponyamaza ndo alijua kwamba ile mashine kumbe ni yeye. Na nguvu ile ilikuwa sehemu ya uhuru wetu, TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na TANU walikwenda pamoja. Halafu uhuru umekuja Desemba 1961. Mwaka 1962 ikatungwa sheria ya migogoro ya kazi, kugoma kihalali ikawa karibu haiwezekani. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa hawa hawa wafanyakazi wa mashamba na wakati huo rais wa TFL, akaondolewa akapelekwa Sumbawanga. Na serikali yetu wenyewe, si ya Mwingereza. 1964 baada ya maasi ya jeshi TFL ikafutwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, chini ya serikali, katibu wake mkuu anateuliwa na rais. Babu aliendelea kukatwa ada ya chama kwenye mshahara mpaka anastaafu na hakuwahi tena kukiita chama chetu, alikuwa anasema chama chao.

MHINA: Sasa dada hapo umenitetea mimi. Walijipanga na bado wakanyang'anywa!

MWANAIDI: Ndio. Na sina jibu zuri la hapo, nisikudanganye. Ninachokiona ni kwamba huku kukata tamaa kwako hakukuanza na uchaguzi wa mwaka jana, kulianza pale. Tuliambiwa nchi ishakuwa yetu kwahiyo hatuhitaji tena kitu chetu cha pembeni, na wazazi wetu wakakubali, wengine kwa mapenzi kabisa kwasababu Mwalimu Nyerere walimpenda. Tukabaki na siku moja kila baada ya miaka mitano. Mtu mwenye siku moja tu ikimwangusha lazima atatafuta siku nyingine kubwa kuliko hiyo, na wewe ndo unaiita mapinduzi.

MHINA: Mh.

MWANAIDI: Umeguna.

MHINA: Nimeguna kwasababu inauma. Sasa kura? Maana hujanijibu kura.

MWANAIDI: Mi nitakwenda. Najua wanaosema kwenda ni kuwapa heshima wasiyostahili, na ni watu ninaowaheshimu. Mjadala huu TANU wenyewe waliufanya Tabora Januari 1958, Mwingereza kaleta kura tatu, ukitaka kupiga lazima uchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na uwe na elimu au kipato fulani. Uonevu mtupu. Wengine wakasema tususie, Nyerere akawashawishi waingie, Zuberi Mtemvu akaona huo ni usaliti akatoka kuanzisha chama chake. Walioingia walishinda, lakini walishinda kwasababu TANU ilikuwa na matawi, ina akina mama wa Bibi Titi nyumba kwa nyumba, yaani kura ilikuta watu wameshajipanga. Ungeniuliza kama hatuna hayo matawi kura itafanya nini ningekwambia kidogo sana, lakini hicho kidogo simwachii mtu.

MHINA: Mi bado siendi. Nakwambia ukweli, moyo umekataa. Na nikikaa nyumbani siku ile si uvivu.

MWANAIDI: Sijasema ni uvivu. Ila nikuulize, baba na wale wenzake wa machungwa hawana chama cha ushirika?

MHINA: Kipo, kuna AMCOS. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wanakaa chini ya mwembe pale kwa mwenyekiti. Mzee analalamika wanakuja watu tisa.

MWANAIDI: Wakulima wako wangapi?

MHINA: Kijiji kizima.

MWANAIDI: Na dalali anakuta kila mtu kwake.

MHINA: Anakuta kila mtu kwake, ndio. Anaanza na mwenye shida zaidi, mwenye mgonjwa, mwenye ada, huyo akikubali bei basi imeshakuwa bei ya wote.

MWANAIDI: Wewe umewahi kwenda?

MHINA: (kimya) Sijawahi. Mi niko mjini dada, nina kazi, na nauli... hapana, nauli si sababu, Muheza hapo ni karibu. Sijawahi tu. Nilikuwa naona ni mambo ya wazee.

MWANAIDI: Jumamosi ya kwanza ni lini?

MHINA: Keshokutwa.

MWANAIDI: Mh.

MHINA: Nitampigia mzee leo usiku. Atashangaa, atadhani nina shida ya hela.

MWANAIDI: Mpigie. Wasikilizaji tutumieni sauti zenu wasap, na wewe unayesema Mhina yuko sahihi tuma pia, tutazicheza wiki ijayo zote bila kukata. Tuishie hapa, adhana hiyo.