Maji ya kusukumia dawa yalivyoua watoto njiti

Haya jamani tuanze, leo ni vihifadhi, yani vile vitu vinavyowekwa kwenye kichupa cha dawa ili bakteria wasizaliane humo kikishatobolewa. Kimoja kinaitwa benzili alkoholi. Kwa mtu mzima, kwa kile kidogo cha kwenye dawa, kwa kawaida hakina neno.

Sasa Marekani, 1981 kwenda 1982, kwenye wodi za njiti wakaanza kuona mambo, mtoto anabadilika ghafla, damu inajaa asidi, degedege, presha inashuka, moyo unapunguza kasi, halafu anaanza kutweta, anadaka hewa pumzi moja moja mpaka anafariki. Wakauita ugonjwa wa kutweta. Kumbe ni yale maji ya chumvi ya kusafishia mpira wa kwenye mshipa!! Maji ambayo nani anayahesabu kama dawa? Hakuna.

Hebu tupige hesabu hapa hapa. Maji yale yalikuwa na kihifadhi hicho, benzili alkoholi, 0.9%, maana yake miligramu 9 kila mililita. Mtoto wa kilo 1, kila ukitoa damu au ukimpa dawa unasukuma mililita moja, ukifanya hivyo mara 12 kwa siku tayari ni miligramu 108 kwa kilo, na waliotweta walikuwa wamepata kuanzia 99 mpaka 234 kwa kilo kwa siku. Mtu mzima wa kilo 70 kwa maji hayohayo anapata kama miligramu 1.5 tu kwa kilo, hata hashtuki.

Mwilini kitu hiki kinageuka asidi ya benzoiki, ini linaiunganisha na glaisini, yani asidi amino ya mwilini, ndo figo ziitoe kwenye mkojo, ila ini la njiti bado changa, kazi hiyo linaisuasua, asidi inarundikana. Mei 1982 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikatoa onyo, na kwenye wodi zilizoacha yale maji vifo vya wale wa chini ya gramu 1000 vikapungua, na damu kuvuja kwenye ubongo pia.

Dada pale nyuma anauliza lorazepamu, ile sindano ya degedege, je, si nayo inacho? Inacho, 2%, lakini angalia dozi: mtoto wa kilo 1 anapewa mililita 0.05 hivi, hiyo ni kama miligramu 1 ya kihifadhi, na mtoto wa degedege huwezi kumwacha hivihivi. Shida ni ukirudia rudia au ukiiweka kwenye dripu ya mfululizo, hapo muite mfamasia mjumlishe kihifadhi cha vichupa vyote, na maji ya kusukumia yawe yale yasiyo na kihifadhi, ukishafungua ukatumia, kinachobaki unamwaga.