Kupima Madhara ya Oksijeni katika DNA ya Seli za Damu

Assalaam alaikum, walimu wangu, dada na ndugu zangu wa Lamu.

Nimeombwa nieleze namna yanavyopimwa madhara ambayo oksijeni huyatia katika DNA ya binadamu. Damu hupendelewa kwa kuwa ni rahisi kuitoa, ila kinachotafutwa humo ni seli nyeupe, maana seli nyekundu zilizokomaa hazina kiini.

Katika besi nne za DNA, yaani herufi zake za kemikali (adenini, guanini, sitosini na thaimini), guanini ndiyo inayooksidishwa, yaani kushambuliwa na oksijeni, kwa wepesi zaidi. Ikishaongezewa atomu ya oksijeni huwa oksoguanini, jeraha lililotambuliwa na Kasai na Nishimura wa Japani mwaka 1984, na seli inaponakili DNA yake jeraha hilo huweza kuungana na adenini badala ya sitosini, ndipo mabadiliko ya kijenetiki yanapoanzia.

Ili kulipima, DNA hutolewa katika seli, vimeng'enya huikata hadi nukleosidi (besi pamoja na sukari yake), kromatografia huzitenganisha moja moja, kisha spektrometa ya masi, mashine ya kupima uzito wa molekuli, huzitambua kwa uzito. Deoksiguanosini nzima, yaani nukleosidi yenye guanini, ikishabeba protoni, huonekana kwenye uzito wa 268, na iliyooksidishwa kwenye 284. Hiyo 16 iliyozidi ni oksijeni yenyewe. Mashine huivunja ile ya 284 na kukisubiri kipande cha 168, ili kitu kingine chenye uzito sawa kisituhadae. Aidha, mwanzoni hutiwa kiasi kinachojulikana cha kampaundi hiyohiyo iliyooksidishwa, yenye atomu tano za naitrojeni nzito (isotopu ya naitrojeni), inayoonekana kwenye 289, na kwa kuwa zote mbili hupotea kwa kiwango kimoja, uwiano wao hubaki.

Isotopu hiyo, hata hivyo, haioni jeraha tulilolitia wenyewe wakati wa kuiandaa DNA. Guanini zilizooksidishwa ni chache tu katika kila milioni, basi sehemu ndogo kabisa ya zile nzima ikiharibika mezani, jibu lote limeharibika. Anayemnusa samaki aliyeachwa juani hawezi kusema alikuwaje alipotoka majini. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 matokeo ya maabara yalipishana hata mara mia na zaidi, na kundi la ESCODD, kamati ya viwango vya upimaji wa madhara haya, likaundwa Ulaya mwaka 1997 kulichunguza jambo hilo. Lawama iliangukia fenoli (kemikali ya kutolea DNA), kupasha joto, na chembe za chuma zilizomo katika vimiminika. Siku hizi hutiwa deferoksamini ili kukifunga hicho chuma.

Damu itakayotolewa hapa kisiwani itavuka kwa boti hadi Mokowe kabla ya kuiona barabara. Kwa hiyo mimi, kabla ya kuuliza bei ya spektrometa, ningeuliza nani atakayezitenga seli hapahapa Lamu, friza itawekwa wapi, na umeme ukikatika usiku nani ataamka.