Nani Aliyepima Mwanga?

Asante, mwenyekiti. Wanafunzi wa picha, habari za jioni.

Simu tuziache kwanza, huko mnanishinda. Nianze na kadi. Enzi za filamu, kampuni ya Kodak walizipelekea maabara za kusafisha picha picha ya mwanamke mzungu, ikajulikana kama kadi ya Shirley. Fundi alirekebisha rangi kwa kuitazama ngozi yake: Shirley akitoka vizuri, basi mashine iko sawa. Mweusi akipigwa picha bega kwa bega na mweupe, yaliyoonekana ni macho na meno. Na waliosikilizwa walipolalamika ni watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao rangi za kahawia za bidhaa zao hazikutoka vizuri!

Sasa Zanele Muholi, mpiga picha wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Umlazi, Durban. Mwaka 2012 alianza mfululizo wa kujipiga picha, Somnyama Ngonyama, yaani kwa Kizulu Heko, Simba Jike Mweusi. Zote ni za rangi nyeusi na nyeupe. Akishapiga, huongeza tofauti ya mwanga na kivuli hadi ngozi yake inakuwa nyeusi kuliko ilivyo. Wenzetu wanahangaika na mkorogo ili wapunguze weusi, yeye anauzidisha. Katika picha ya Bester I, iliyopigwa kisiwani Mayotte mwaka 2015, vibanio vya nguo vimemkaa kichwani kama taji, vingine vinaning'inia masikioni. Bester ni mama yake, aliyefanya kazi za ndani kwa wazungu zaidi ya miaka 40. Ukipita haraka unaona malkia. Ukituliza macho unaona kamba ya kuanikia.

Najua mtaniuliza: naye si anachakachua? Anachakachua, tena waziwazi, na ndiyo maana namheshimu. Filta ya simu inang'arisha mashavu na kuchonga pua kimyakimya, halafu inaitwa urembo. Vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku hapa Tanzania. Hiyo filta mnatembea nayo mfukoni, na wala haiwashi ngozi.

Kazi ya wiki ijayo. Zima filta, simama mbele ya ukuta mweupe, jipige picha. Kamera ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na uso wako unazama. Kisha gusa shavu lako kwenye skrini, kamera ipime hapo, upige tena. Ukuta utaungua, yaani utakuwa mweupe kupita kiasi; uacheni uungue. Leteni picha zote mbili, na ile ya kwanza msiifute.